Asali ya Jino

"Mtungi mzima, Mzee Ngwali! Mtungi mzima wa asali haukauki kama dimbwi la mvua!" Bi Mize alifoka mlangoni kwa mzee, kamshika mkono bintiye Siwatu, ambaye jino lake la kwanza lilikuwa limeng'oka asubuhi ile. "Mtoto amefuata haki yake. Iko wapi?"

Enzi hizo, jamani, utamu haukujua umri. Mkongwe aliutamani sawasawa na mtoto anayetambaa, na kwenye sinia la kashata ndevu nyeupe zilisukumana na vichwa vya watoto. Ndiyo maana watu wa kijiji cha Shungi waliweka desturi: kila msimu wa kurina, mtungi mmoja wa asali ulifungwa kwa ajili ya watoto wanaong'oka meno, kila mmoja apewe kata moja, kinywa kilichouma kipozwe. Mtungi huo alikabidhiwa Mzee Ngwali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo.

Mimi sizungushi maneno: aliila. Alianza kwa kuchovya kidole, akijiambia kwamba yeye naye meno yamemtoka, tena mengi, na hakuna aliyempoza. Kidole kikawa kijiko, kijiko kikawa bakuli. Sasa alisimama mbele ya majirani, masikio yanamwaka moto. Neno "nimekosa" lilimfika kooni, likamshinda kulitoa.

"Nyuki wameirudia asali yao," alisema.

Watu wakaguna.

"Mnaguna nini? Haya, naapa! Kama nimeionja hata tone, utamu unigeuke kinywani, mimi na kila anayefika umri wangu!"

Wazee wenzake waliokaa barazani wakaruka. "We Ngwali! Sisi unatutia humo kwa lipi?"

Siwatu hakusikia kiapo. Macho yake yalikuwa kwenye kanzu ya mzee. "Babu," alisema taratibu, "sisimizi wanakupanda."

Kweli. Msururu ulitoka nyuma ya mlango, ukampanda mguuni, ukapita kifuani, ukaishia kwenye ndevu, palipokuwa na tone lililoganda. Mzee Ngwali akazifunika ndevu kwa kiganja. Kiganja kikanata. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo alipotamani wangecheka.

Aliingia ndani, akatoka na mtungi uliobaki masalia tu.

"Onja wewe kwanza, tukuone," Bi Mize alimwambia.

Alipolamba, uso ulimkunjamana, akatema. Wazee wa barazani wakaonja nao, wakakinai papo hapo, wakamtazama kwa hasira wasijue pa kuipeleka. Kahawa chungu tu ndiyo iliyowatulia vinywani. Ngwali akaenda kukaa peke yake, uso chini, na sikuambiwa kama aliwahi kuuinua.

Na tangu siku hiyo, mtu akianza kuzeeka utamu humchosha upesi. Humega kipande cha halua kama ukucha, akateremshia kahawa isiyo na sukari, na sahani akaisukuma upande wa watoto. Wala asingoje shukrani. Si hisani ile. Mtoto hunyoosha mkono bila salamu, kama Siwatu alivyounyoosha pale mlangoni, pengo likiwa wazi:

"Babu, leta asali yangu."