Jina la Mtoto wa Sikitu

Haya, simu mfukoni, masikio huku. Na wewe unayetafuna miwa huko nyuma, tafuna taratibu, maana nikimaliza nitawauliza swali, na leo simkubalii mtu anijibu "sijui".

Walikuwako wauguzi watatu, Tumpe, Nyamizi na Pendaeli, waliorudi darasani na utu uzima wao kusomea shahada ya pili ya kuuguza watoto wachanga, hasa njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Miaka miwili mizima! Asubuhi wodini, mchana darasani, jioni vitabu. Tumpe alijaliwa mkono; haukutetemeka hata akiwa na njaa. Nyamizi alijaliwa jicho, akikutazama tu anajua hukulala. Pendaeli, jamani, Pendaeli alijaliwa mdomo. Walimu walimhamisha kiti mara tatu, na bado darasa lilicheka.

Ikiwa imebaki miezi michache wamalize, akaletwa mama mmoja, Sikitu. Alikwisha kuzaa njiti wawili, na wote aliwazika kabla hajawapa jina. Huyu wa tatu, wa kike, naye akatoka wiki ya ishirini na nane, gramu mia tisa na themanini. Sikitu akageukia ukuta.

"Msiniulize jina," akasema. "Andikeni Mtoto wa Sikitu."

Mtoto hakulia. Hakupumua. Ulitakiwa mpira wa hewa uingie kooni, na koo lenyewe jembamba kama mrija wa juisi. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwingine. Tumpe akauchukua mpira. Kwenye mwanasesere wa mazoezi alikuwa ameshindwa mara nne, wenzake wakamcheka. Safari hii uliingia mara moja tu, kifua kikapanda.

"Mwanasesere hana shida ya hewa," akasema, "ndiyo maana alikuwa ananisumbua."

Siku ya tisa mtoto alikuwa anapumua mwenyewe, mashine zinasoma vizuri, watu wanapongezana. Nyamizi akasimama pale, kakunja uso.

"Tumbo linang'aa. Jana halikung'aa."

Muuguzi wa zamu akamwambia aache kuwapandisha watu presha. Nyamizi hakuondoka. Akampigia daktari, akapiga tena, akapiga mara ya tatu, mpaka akaja. Kumbe utumbo ulikuwa unaanza kuoza! Maziwa yakasimamishwa, dawa zikaingia mshipani saa hiyohiyo. Daktari akasema wangengoja mpaka jioni, mtoto wasingekuwa naye.

Tumbo likapona, ila uzito ukagoma. Njiti anataka kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha. Na Sikitu hataki kumgusa! Anakamua maziwa, anaacha kikombe mlangoni, anaondoka. Washauri walikuja, wakashindwa. Pendaeli akamfuata kwenye benchi.

"Dada, unaogopa nini?"

"Nikimshika nitampenda."

"Kwani sasa humpendi?"

Sikitu akaangua kilio.

"Basi umeshachelewa, dada yangu," Pendaeli akamwambia. "Kama ni kuumia, utaumia tu. Njoo uumie naye kifuani, angalau yeye apate joto."

Siku hiyo Sikitu alifungua vifungo vya blauzi, mtoto akawekwa. Wiki tano hakutaka hata kumtua. Walitoka wodini mtoto ana kilo mbili kasoro kidogo, wodi nzima inapiga makofi.

Ikafika siku ya mahafali. Majoho, tarumbeta, vigelegele mpaka masikio yanauma! Wale watatu wamesimama pamoja, kofia zimekaa upande. Mara Sikitu huyo, anapenya katikati ya watu, na mtoto mashavu tele.

"Bado hana jina," akasema. "Leo nampa la aliyemwokoa. Ni yupi kati yenu?"

"Bila mkono wangu asingeifikia hata siku ya pili," akasema Tumpe.

"Sawa, ulimfikisha ya tisa," akasema Nyamizi. "Siku ya tisa alivushwa na nani?"

"Nyie mlimwokoa mtoto," akasema Pendaeli. "Mimi nilimpa mama. Ngoja niwaone mnamlea wodini mpaka aolewe!"

Walicheka, wakabishana, wakashikana mikono, wala hakuna aliyemkubalia mwenzake. Tumpe akajipangusa machozi kwa mkono wa joho. Sikitu akamwinua mtoto juu, watu wote wakamwona.

"Wawili niliwazika bila jina," akasema. "Huyu simrudishi nyumbani hivyo. Jina moja. Mniambie."

Basi nami nawageukia ninyi. Na msiniletee ujanja wa kumpa mtoto majina matatu, yule ni binti, si orodha ya wajumbe. Mama amesimama, mikono inamchoka, anasubiri. Je, wewe ungempa jina la nani?