Bi Kidawa Barazani

Bwana Lutengano, mwenye kiwanda cha maji ya chupa, alikuwa amewatia mfukoni madiwani wote tisa wa Mlowezi. Sasa aliitaka chemchemi ya mji, ila aliona haya kuiomba mwenyewe mbele ya watu. Akamwita Bi Kidawa, muuza uji wa sokoni.

“Kesho barazani utakuwa sauti ya wananchi,” akamwambia. “Utaomba chemchemi nipewe mimi. Ukikataa, kibanda chako nakibomoa.”

“Nikatae nina wazimu, bosi?” akasema Bi Kidawa. “Wasiwasi wangu ni hao madiwani wako. Wanavyopenda kusinzia, si watapitwa na kura?”

“Hilo nalo neno. Tufanyeje?”

“Waambie wasijisumbue kusikiliza. Wakiona tu nimeketi, wanyooshe mikono.”

Bwana Lutengano akacheka mpaka kitambi kikatikisika, kisha akawapigia simu mmoja mmoja.

Kesho yake ukumbi ulijaa pomoni. Bi Kidawa akasimama, akaiweka kanga yake sawa.

“Waheshimiwa, naomba chemchemi ibaki ya wananchi daima, na kiwanda kivute bomba la maji mpaka sokoni kwa gharama yake.”

Akaketi.

Mikono tisa ikanyooka, mmoja ukiwa wa diwani aliyekuwa bado anapiga miayo. Mwenyekiti akagonga meza: “Limepita!”

Bwana Lutengano akamvaa Bi Kidawa mlangoni, jasho likimtiririka. “Umenigeuka, wewe mwanamke!”

“Nimekugeuka wapi, bosi wangu? Si ulitaka sauti ya wananchi?”