Nguchiro na Maswali Matatu ya Ndovu

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bi Tausi binti Mfaume, dada mkubwa wa babu, mwaka wa nzige, siku ya pili ya kupura mtama. Alikuwa akipepeta, na kila alipofika penye jambo alitikisa ungo, chaka chaka chaka. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale sana, wanyama walipokuwa na nyumba zao na milango yao ya kupigia hodi, alikuwako Ndovu mwenye ghala kubwa la mtama. Ghala likaingiwa na nyoka. Ndovu akatangaza kwamba anatafuta mlinzi, na mlinzi huyo atapewa chumba kikavu, mahali maji ya masika hayafiki.

Wa kwanza kuitwa kwenye usaili alikuwa Nguchiro, maana nyoka wote wanamjua. Ngiri, bawabu wa Ndovu, alimpelekea wito kwa miguu yake.

"Nguchiro, unaitwa Jumatatu asubuhi. Mzee ana maswali matatu ya kukuuliza."

"Maswali?" Nguchiro akacheka. "Mimi niulizwe maswali kama mtoto wa shule? Mwambie siji. Kiboko amenichukua leo hii, na hata jina hakuniuliza."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze neno."

Ngiri hakupunguza neno.

Kumbe kazi yenyewe kwa Kiboko ilikuwa kumsafisha meno. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili Kiboko akapiga mwayo mrefu, akasahau kuwa kuna mtu ndani. Kap! Nguchiro akachomoka, fyuu, lakini ncha ya mkia ikabaki.

"Samahani," alisema Kiboko huku akitafuna. "Kesho utakuja saa ngapi?"

Nguchiro alikuwa amekwisha kufika nyumbani.

Huko nako mawingu yalikuwa yametanda. Mkewe alisimama mlangoni pa shimo lao, miguu imelowa.

"Baba Chiku, shimo limeanza kutoa maji na mvua yenyewe bado. Watoto watano nitawaweka wapi?"

"Nitarudi kwa Ndovu. Kazi bado haina mtu."

"Kwa uso upi?"

"Huu huu. Sina mwingine."

Usiku ule hakulala. Maswali matatu ya Ndovu yalijulikana msitu mzima, kwa kuwa Fisi na Kobe walikwisha kuyashindwa: Unaamka lini? Ukisikia kitu ghalani unaanza na nini? Shahidi wako nani? Nguchiro alikuwa na majibu yote. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza.

Kulipokucha alikuwa tayari mlangoni kwa Ndovu, na kikapu mkononi. Ngiri alimzuia.

"Mzee ameapa. Aliyeukataa wito wake akitaja kazi humu ndani, anatupwa nje ya ua hata kama hajamaliza kusema."

"Nani ametaja kazi, kaka? Nimekuja kumwamkia mzee wetu."

Ngiri akakitazama kile kikapu, akameza mate, akafungua mlango.

Sasa sikilizeni. Nyumba ya Ndovu ilikuwa na desturi yake. Mgeni aliyekuja kuamkia hupewa maji, huulizwa habari za atokako, na hafukuzwi mpaka habari zake ziishe. Nguchiro aliijua desturi hiyo vizuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alisema Ndovu, amenuna. "Mpeni maji. Habari za utokako?"

"Njema, Mzee, ila nimekutana na jambo. Leo, kabla jogoo hajawika..."

"Kabla ya jogoo? Kwani wewe huamka lini?"

"Mimi, Mzee? Jogoo huamshwa na nyayo zangu."

"Ehe."

"Nikasikia kitu kwenye majani makavu. Chwaa. Chwaa. Chwaa." Hapo Nguchiro akanyamaza, akanywa maji.

"Ehe?" Masikio ya Ndovu yakatanuka.

Nguchiro akanywa tena, polepole.

"Acha maji hayo! Ulipokisikia ulianza na nini?"

"Nilianza kwa kutulia, Mzee. Ukipiga kelele anakimbia, kesho anarudi. Halafu nikaziba tundu lake la kutokea. Halafu ndipo nikamwendea." Nguchiro akaruka juu ya kigoda, akapita chini yake, akaibukia upande wa pili. "Akainua kichwa, fffff! Nikarudi nyuma. Akapiga, pa! Akapiga mchanga. Nami nikamdaka shingoni, kacha!"

Ndovu alikuwa amesimama bila kujijua. "Wewe mwongo. Shahidi wako nani?"

"Huyo hapo mlangoni."

Ngiri akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mzee. Alikuwa swila, ametoka ghalani, ananijia miguuni. Alfajiri ya leo nilikuwa nimepitiwa na usingizi hapa mlangoni. Nimeshtuka nikamwona Nguchiro yuko juu yake." Akakifunua kile kikapu kilichoachwa mlangoni, na swila akaonekana, mrefu kama mkonga.

Nguchiro akaweka kata ya maji chini taratibu. "Habari zangu zimekwisha, Mzee. Lakini, hebu tuhesabu, umeniuliza maswali mangapi?"

Ndovu akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu.

"Umenifanya nikuhoji," alisema.

"Na kazi sijaitaja hata mara moja."

Mkonga ukainuka, ukamzunguka Nguchiro kiunoni, ukamnyanyua juu kabisa. Nguchiro akauona ua wote, na nje ya ua, na mawingu meusi juu ya shimo lake.

"Nina swali la nne," alisema Ndovu. "Kwa nini uliukataa wito wangu?"

Nguchiro alikuwa na uongo tayari, tena mzuri. Akautazama mkia wake mfupi, akauacha uongo ule.

"Kiburi, Mzee. Kiboko hakuniuliza kitu, nikadhani ananiheshimu. Kumbe hakunijali. Wewe uliyetaka kuniuliza ndiye uliyenijali. Nimekosa. Naomba nafasi ya pili."

Mbali kidogo radi ikapiga, gududu.

Ndovu akamshusha mpaka chini. "Mwezi mmoja wa majaribio. Na watoto walete sasa hivi, kabla ya mvua."

Nguchiro hakungoja kuambiwa mara ya pili. Fyuu!

Hila ilimfungulia Nguchiro mlango, lakini ukweli ndio uliompa chumba.

Hapo Bi Tausi aliuweka ungo chini. Yeye hatunaye tena. Ndovu alikufa zamani, Ngiri naye, na Nguchiro alifia uzeeni katika chumba kile kikavu, mkewe akamfuata. Kiboko yu hai, yuko mtoni, na meno yake hakuna anayeyasafisha. Kati ya wale watoto watano, wawili wangali hai, na ndio wanaolinda ghala mpaka leo.