Kokwa Ndani ya Kinu cha Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi zile Kiboko alipokuwa akishinda nchi kavu akijipitisha mbele za watu, wanyama wa mtoni walikuwa wakisaga mtama wao kwa vinu vya maji. Vinu vyote vilikuwa vya Kiboko, na kila kimoja kilikuwa na kifuniko kilichopigwa misumari.

"Ole wake atakayefunua!" Kiboko alinguruma. "Kikikwama, niiteni mimi. Na mkono mtupu haulambwi!"

Na vilikwama kweli, krrr-kwi! Mama Ngiri akiita fundi, Kiboko huja akijikokota, hugongagonga kidogo, kisha huondoka na kikapu cha unga. Watoto wa Ngiri hulala na njaa.

Jirani yake, Bi Kindi, aliyekaa na wanawe juu ya mti wa ukingoni, alichoka kusikia vilio hivyo. Akaunda kinu chake, kidogo, chepesi, kisicho na kifuniko. Guru-guru-guru! Unga ukamwagika.

"Chukueni bure," akawaambia wenzake. "Tazameni ndani, rekebisheni, mpeni na mwingine. Sharti langu ni moja: nimewapa kikiwa wazi, nanyi mkitoa, toeni kikiwa wazi."

"Bure?" Mama Ngiri alikinusa kinu. "Shoga yangu, rahisi huvunja upishi. Kikiharibika nimlilie nani?"

"Usimlilie mtu! Macho unayo, tazama kilipolegea ukaze."

Mama Ngiri akakichukua kwa shingo upande. Siku jiwe lilipolegea, akachungulia, akalikaza mwenyewe, akapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya mto. Basi kila mtu akataka chake. Kisha, mnawajua wanyama, wakaanza kugombana. Hawa wanasema kiitwe Kinu cha Bure, wale wanasema kiitwe Kinu Huru. Nusura wang'oane masikio.

"Sageni kwanza!" Bi Kindi akafoka. "Njaa haiulizi jina!"

Kiboko naye akaja, anatabasamu. "Jirani, nami nipe kimoja."

"Sharti unalijua?"

"Nalijua, nalijua!"

Bi Kindi akamtazama, akajua huyu anadanganya mchana kweupe. Bi Kindi mwenyewe alikuwa akiguguna kokwa gumu la koche, lile tunda la mkoche. Akalitoa mdomoni, akalifunga kwa kamba ndani ya kinu, akampa. Kokwa likawa linagonga: ko! ko! ko!

Kiboko alitaka kuuliza ni la nini. Akaona haya. Mkubwa mzima amuulize Kindi? Akaenda zake.

Haukupita muda, vikatokea vinu vipya vya Kiboko, vimefunikwa, vimepigwa misumari, na vyote vinalia ko! ko! ko! Kiboko mwenyewe akawa anatembea na shavu limevimba. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Tembo, mkuu wa mtoni.

"Kindi ameniibia ufundi wangu! Afukuzwe yeye na wanawe, na vinu vyake vitupwe majini!"

Wanyama wakaitwa. Bi Kindi akainua macho. Juu mtini aliona mikia ya wanawe ikitetemeka. Kiangazi hiki angewapeleka wapi? Aliogopa, tena sana. Lakini ulimi wake haukuogopa.

"Mzee Tembo, nina swali moja tu. Bwana mkubwa Kiboko, hicho kinachogonga ndani ya kinu chako kina kazi gani?"

Kiboko akafura. "Hicho ndicho roho ya kinu! Bila hicho, unga hautoki!"

"Na ulikibuni mwenyewe?"

"Mwenyewe! Kwa jasho langu!"

"Basi tukione."

Mzee Tembo akaingiza mkonga. Kwaa! Kifuniko kikang'oka. Akachomoa kokwa. Kinu kikaendelea, guru-guru-guru, tena unga ukazidi kuwa laini.

"Mbona kinasaga?" Mama Ngiri akashangaa.

"Kwa sababu hiyo siyo roho, ni mabaki ya chakula changu! Jamani, Kiboko anakula majani. Makokwa ameanza kutafuna lini?"

Wakafunua kinu cha pili: kokwa. Cha tatu: kokwa. Na kila kokwa lina alama za meno!

"Bwana mkubwa," Bi Kindi akasema kwa upole, "hebu fungua mdomo."

Kiboko akaubana.

"Fungua!" Tembo akanguruma.

Aaah! Jino la mbele limevunjika katikati.

"Niliona kokwa la Kindi limegugunwa," Kiboko akanung'unika, "nikadhani ndivyo linavyotakiwa."

Weee! Mama Ngiri alianguka chini, akagaagaa kwa kicheko. Mzee Tembo akaamuru vifuniko vyote ving'olewe, na Bi Kindi akapanda mtini kuwakumbatia wanawe. Kiboko naye, chubwi! Akazama mtoni. Mpaka leo hushinda majini, ametoa macho na pua tu, na malishoni hutoka giza likishaingia.

Nami naishia hapo, watoto wangu, nikiwaachia hili: anayeiba asichokielewa, huiba na takataka zake.