Boriti ya Tano

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni mnisikie, palikuwa na msitu ulioshukiwa na ukungu kila alasiri. Ukungu mzito, mweupe. Ukinyoosha mkono, huvioni vidole.

Siku moja ukungu ulipoondoka, nyumba ya Digidigi ilikutwa mlango wazi. Uji mezani bado wa moto. Vijiko vitatu. Watoto watatu hawapo. Na nyayo? Hakuna hata moja.

Kindi alikuwa na wawili, Kidawa na Chande. Aliwakumbatia mpaka wakalalamika.

"Tunahamia juu ya mti," akasema. "Nyumba yenye sakafu na paa. Ngazi tutaivuta jioni, na umande hautatufikia."

"Na upepo utatubembeza, mama?" Chande akauliza.

"Utatubembeza."

Kobe, fundi wa zamani, akaja akiburuta mzigo wa kamba. Alikuwa njiani tangu alfajiri. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Watoto wamekula?" Akatoa vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha.

Kisha akakaa chini ya mti, uliosimama ukingoni mwa korongo, akaelekeza. "Umechagua vizuri, mti mbichi! Kamba usizikaze sana, mti hunenepa. Weka boriti tano. Ncha ya kila ubao ilale juu ya boriti. Ubao ukipita boriti, anayekanyaga ncha atapinduka nao!"

"Mbona wewe huji huku juu, babu?" Kidawa akamtania.

"Mimi nyumba yangu haina ngazi, mjukuu wangu. Na wageni hawalali!"

Wakacheka.

"Jirani," ilisema sauti nyuma ya Kindi, laini kama pamba. Alikuwa Chui. Hakuna aliyemsikia akija. "Boriti nzito hizi, nani atakupandishia? Nitakusaidia bure."

Hup! Akapandisha ya kwanza. Hup! Ya pili.

"Watoto wako wangapi, jirani?"

"Wawili."

Hup! Ya tatu. "Wanalala fofofo, au huamka ovyo?"

"Wanalala vizuri tu."

Hup! Ya nne. "Na humu watalala upande gani?"

Mikono ya Kindi ikasimama kwenye kamba. Kobe aliuliza kama watoto wamekula. Huyu anauliza wanapolala. Manyoya ya mkia yakamsimama.

"Upande wa korongoni," akajibu polepole. "Mwisho kabisa wa sakafu."

Chui akameza mate. Gluk!

"Basi tumalize leo! Boriti ya tano ya nini? Nne zinatosha. Tandika mbao."

"Haya, jirani. Misumari nitapiga kesho."

Kobe akafungua mdomo. Kindi akamkonyeza. Kobe akaufunga.

Chui akaaga, akaondoka bila kutikisa jani. Hapo Kindi akachukua vibuyu viwili, akavilaza kwenye ncha za mbao, akavifunika kanga. Yeye na wanawe wakajibana kwenye panda ya mti, nje ya sakafu, migongo yao ikiegemea shina. Ngazi akaivuta; Kobe akajifungia ndani ya gamba lake chini ya mti.

Ukungu ukashuka.

Msitu mzima kimya. Hata ndege hawakulia.

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Kucha kwenye gome la mti.

Hakupiga hodi.

"Mama, ni nini?" Chande akanong'ona.

"Shh. Nishike."

Kitu kikapita karibu nao. Hawakukiona. Walihisi pumzi yake tu, ya moto, yenye harufu mbaya. Kriii, sakafu ikalia. Kriii. Boriti ya kwanza. Kriii. Ya pili. Kriii. Ya tatu. Kriii.

"Lala, mtoto, lala," sauti ile laini ikaimba ndani ya ukungu, ikielekea kwenye vibuyu.

Kindi akawaziba wanawe masikio. Akasubiri hatua moja zaidi.

"Karibu, jirani!" akaita. "Hapo ndipo pa boriti ya tano!"

"Nini?"

Mbao zikainuka huku, zikazama kule. Chwaaa! Kisha kimya. Kimya kirefu, wanangu. Halafu, kutoka chini kabisa korongoni: Puu!

Wakasikia mtu akijiburuta, mguu mmoja ukikwaruza mawe, mbali, mbali zaidi, mpaka ukungu ukammeza. Hakuonekana tena.

Ukungu ulipoinuka, kilio chembamba kikasikika kutoka pangoni kwa Chui. Kindi akakimbia, Digidigi nyuma yake. Wale watoto watatu walikuwa mle, wamefungwa kamba, lakini wazima. Chui alikuwa akiwaweka akiba mpaka atimize watano.

Mama yao akapiga magoti, akawakumbatia wote watatu. Wakafunguliwa, wakabebwa hadi chini ya mti wa Kindi.

Kobe, aliyewafuata hadi pangoni kwa mwendo wake, akafika mwisho, jua likizama, anahema. Hakuuliza habari za Chui.

"Watoto," akasema, akitoa muhogo, "mmekula?"

Kesho yake boriti ya tano ikawekwa na misumari ikapigwa. Ukungu ukishuka, sakafu ile bado hulia kriii, na Kindi huhesabu: mmoja, wawili. Nami hadithi yangu naishusha ngazi hapa.

Msaidizi mpime kwa maswali yake, siyo kwa uzito anaokubebea.