Gari la Zahanati Lililoanza Kutetemeka

Wapendwa, leo nawapeleka gereji. Msinikunjie uso, ninyi mliovaa nguo nyeupe. Mtarudi safi.

Kulikuwa na zahanati moja ya kanisa huko milimani, kwenye baridi, na ilikuwa na gari moja tu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vijiji vitatu. Mto wenyewe hauna daraja, una mawe. Kila masika gari lilikalia mawe yale kwa tumbo, likakwama, na mgonjwa akabebwa kwa machela huku maji yakiwafika watu kiunoni. Waumini wakachanga, wakanunua springi ndefu na shokapu ndefu, gari likanyanyuliwa. Siku lilipovuka mara ya kwanza bila kugusa jiwe hata moja, akina mama walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Furaha ile ilidumu mpaka kwenye lami.

Dereva wao, mtu mpole aitwaye Tweve, alipofikisha mwendo wa kilomita sitini kwa saa, gari likaanza kutetemeka. Usukani ulikuwa umetulia. Kilichotetemeka kilikuwa sakafu, na viti, na meno ya watu mdomoni. Akipunguza mwendo, linatulia. Akiongeza, linaanza tena. Siku hiyo alikuwa amembeba babu mmoja aliyevunjika paja. Mnajua yule babu alisemaje? Alisema, "Mwanangu, nirudishe kwenye machela."

Tweve akabadilisha matairi. Bado. Akayapeleka kufanyiwa balansi. Bado. Watu wakaanza kunong'ona kwamba hajui kuendesha. Wengine wakasema gari lina mkosi. Halafu Mzee Mahenge, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akamwita.

"Tweve, gari lilikuwa na tatizo hili kabla hatujalinyanyua?"

"Hapana, baba."

"Basi jibu si hilo hapo? Jumamosi lishushwe."

"Na watu wa ng'ambo, Mwenyekiti?"

"Wale wamezoea machela."

Mmesikia neno hilo? Wamezoea. Nani amewahi kuzoea kuvushwa mto akiwa na mfupa uliovunjika? Lakini kamati nzima iliitikia kwa kichwa.

Zilibaki siku tatu. Tweve akaomba ruhusa, akalipeleka gari mjini kwa fundi mmoja, mama wa makamo aitwaye Sekela, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa grisi tangu asubuhi. Sekela hakugusa kitu kwanza. Aliuliza.

"Ukiwa umesimama, ukikanyaga mafuta, linatetemeka?"

"Hapana."

"Kwenye mteremko, ukitoa gia ukaliacha lijiendee?"

"Linatetemeka vilevile."

"Basi injini tuiache ipumzike."

Akaingia chini ya gari. Akaifungua propela ya nyuma, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, akaulaza pembeni. Akamwambia Tweve aweke gia ya magurudumu manne, ili gari livutwe na magurudumu ya mbele peke yake. "Sasa twende lami."

Hamsini. Sitini. Sabini. Kimya! Tweve akasimamisha gari kando ya barabara, akafuta macho kwa kofia yake. Wiki tano alikuwa ameitwa mzembe.

"Kumbe propela imepinda," akasema.

"Propela haina kosa," Sekela akamjibu. "Ina kiungo kila mwisho: kimoja kwenye gia boksi, kingine kwenye difu, lile donge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Viungo hivi vikikaa kwa pembe sawa, kila kimoja kinatuliza mwenzake. Mlipoweka springi ndefu, difu ikageuka, pua yake ikainama. Hailingani tena na gia boksi. Nguvu inakuja, lakini inapokelewa vibaya."

Tweve akauliza kwa unyonge, "Kwa hiyo tulishushe?"

Fundi akacheka. "Nani kakwambia mlishushe? Gari limekaa vizuri sana hapo lilipo. Tunaigeuza difu."

Akapima pembe huku na huku, akachonga vipande viwili vya chuma, vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, akavipachika kati ya springi na mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma. Pua ya difu ikainuka. Akarudisha propela, akakaza boliti.

Jumamosi kamati ilikuwa uwanjani inasubiri, na fundi wa kulishusha gari ameshafika na jeki yake. Tweve akaingia na gari likiwa juu vilevile.

"Tweve, nilikwambia nini?"

"Baba, naomba upande. Mara moja tu."

Mzee Mahenge akapanda kwa hasira. Hawajafika lami, simu ikalia. Ni mkunga wa ng'ambo: kuna mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Tweve akageuza gari. Mto ulikuwa umejaa. Gari likaingia, maji yakapiga milango, likatoka upande wa pili halijagusa jiwe. Wakampakia yule mama pamoja na mkunga wake, wakavuka tena. Mwenyekiti alikaa nyuma, ameishika chupa ya dripu juu kwa mikono miwili.

Wakafika lami. Sitini. Mzee akauma meno, akisubiri ule mtetemo. Sabini. Themanini. Akamtazama yule mama. Katikati ya uchungu mmoja na mwingine, alikuwa amesinzia!

Saa tisa alasiri, katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kike alilia kwa sauti ya kuamsha wodi nzima. Mama mzima, mtoto mzima. Kule milimani waligonga kengele ya kanisa siku isiyo ya ibada, watu wakatoka mashambani wakikimbia na kuimba. Na Jumapili Mzee Mahenge alisimama mbele ya wote akasema, "Mimi ndiye niliyesema wamezoea. Nisameheni." Kisha akamshika Tweve mkono, akamweka kwenye kiti chake mwenyewe.

Sasa tuseme habari zetu sisi. Wako watu humu ambao Mungu amewainua mwaka huu. Wewe umeacha pombe. Wewe umepewa ndoa, au kazi, au huduma kanisani. Na tangu siku hiyo nyumba inatetemeka, moyo unatetemeka, na kila unayemwuliza anakwambia: rudi chini, kule ulikuwa na amani.

Amani gani? Ile ya kukwama kwenye mawe?

Ndugu yangu, kutetemeka kwako hakumaanishi kwamba Mungu alikosea kukuinua. Kuna mahali ndani yako hapajageuka bado. Sisi tunapenda sana kuinuliwa, ila kugeuzwa tunakukwepa. Tunataka ndoa mpya na ulimi uleule, cheo kipya na kiburi kilekile. Leo usiombe kushushwa. Mwambie: Bwana, nigeuze, nikae nawe sawa. Na atakugeuza! Kazi hiyo anaiweza.

Simameni. Wale mliokuwa mmeamua kurudi chini wiki hii, simameni kwanza.