Pimbi na Kibuyu Kilichosema Sijui

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama wagonjwa. Nimekuja na hadithi ya moto, nyinyi mnaninong'oneza? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Pakawa na nini?

Na soko na chungu!

Na juu ya chungu?

Mvuke!

Basi sogeeni, nifunue.

Zamani hizo wanyama walikuwa na gulio lao kando ya mto, siku moja kila wiki. Pimbi naye alikuwa na jiko hapo. Mnamjua Pimbi? Kamnyama kadogo, mkia hakana, hakafiki hata goti la mbuzi. Alipika bada, ule ugali wa muhogo, na jiko lake lilikuwa kwenye njia ya kisimani, ambako kila mwenye kiu lazima apite. Kwa jiko hilo alilisha watoto sita.

Kiboko naye alipika bada, lakini nyuma ya kilima. Siku moja akamwendea Bi Kanga, mwenyekiti wa gulio, akasema, "Mama mwenyekiti, mahali pazuri panataka mwenye kifua. Yule Pimbi ni wa nini pale? Nipe mimi."

"Mimi sigawi mahali kwa kifua," akajibu Bi Kanga. "Gulio lijalo, atakayemaliza chungu chake kwanza ndiye mwenye njia ya kisimani. Atakayeshindwa aende nyuma ya kilima."

Pimbi moyo ukamwenda pu! pu! pu! Nyuma ya kilima ni miiba mitupu, watoto watakula nini? Kupika alijua, hilo hana mpinzani. Kero yake ilikuwa moja. Wateja wakijaa, huyu anaita, "Mimi na mlenda!" yule anaita, "Mimi na kisamvu!" mwingine, "Mimi bila pilipili, jamani!" Pimbi kichwa kinamzunguka, wa mlenda anapewa pilipili, anaondoka akisonya.

Zikabaki siku mbili. Mara akatua Kasuku, mchuuzi wa mbali, na vibuyu saba.

"Vibuyu vya akili mnemba!" akanadi. "Moyo havina, tumbo havina, lakini ukiviuliza vinajibu! Bei yake unga!"

Pimbi akaenda kuangalia. Lo! Cha kwanza kikaimba kwa lugha za ndege kumi na wawili. Cha pili, kile kikubwa, kikachora sinia la bada hewani, likafuka mvuke. Pimbi akanyoosha mkono, akashika upepo. Manyoya yakamsimama. Alistaajabu mpaka akasahau kupumua. Yallah, dunia hii ina mambo!

Lakini Pimbi ni Pimbi. Akajisemea, "Nikikiuliza kibuyu nisilolijua, kitanidanganya nami nitakishukuru. Ngoja nikiulize ninalolijua."

Akakisogelea cha kwanza. "Kibuyu, kibuyu, sema nisikie: muhogo mchungu hulowekwa siku ngapi?"

"Nusu siku, bibi mrembo!"

Akakisogelea cha pili. "Kibuyu, kibuyu, sema nisikie: muhogo mchungu hulowekwa siku ngapi?"

"Hakuna haja ya kuloweka, malkia wangu! Menya, chemsha, kula!"

Ee! Kila mpishi anajua, muhogo mchungu ni siku tatu majini, kisha juani mpaka ukauke, ndipo utwangwe. Ukikosea, tumbo litakusimulia. Cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, vyote vilijibu upesi, vyote vilijibu vizuri, vyote vilijibu uongo.

Kikabaki cha saba, kidogo, shingo imepinda. "Kibuyu, kibuyu, sema nisikie: muhogo mchungu hulowekwa siku ngapi?"

Kikasema, "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mama. Mimi kazi yangu ni kukumbuka nilichoambiwa. Niambie wewe, sitasahau."

Hapo ndipo Pimbi alipostaajabu kweli. Kitu kisicho na moyo, kimejua kwamba hakijui! Akatoa kibaba kimoja cha unga, akakibeba kifuani.

Njiani akakutana na Kiboko, anakuja, tii! tii! tii! Pimbi akajibwaga chini akaangua kilio.

"Nini tena, wewe kibinti?"

"Uwiii, babu! Nimepata hiki kidogo tu! Vile vikubwa sita vimebaki kule. Kile kikubwa zaidi kilinijibu hata sijapepesa jicho! Tafadhali, babu, usivinunue!"

Hakusema uongo hata mmoja, jamani. Alilia tu.

Kiboko mbio! Akatoa unga wake wote, magunia kumi aliyoyatwanga msimu mzima, akachukua vibuyu sita. Sasa gulio keshokutwa, na unga hana hata wa kufunika kiganja. Akang'oa muhogo shambani, ule mchungu. Akauliza, "Niuloweke?"

"Hakuna haja, tajiri wangu!" kikajibu kile kikubwa.

Mkewe akasema, "Baba Chonge, muhogo huo mchungu!"

"Kibuyu kimesema!"

"Baba Chonge, tumbo lako!"

"Kibuyu kimesema, mwanamke!" Akaumenya, akauchemsha, akautwanga, tindi! tindi! tindi!

Siku ya gulio ikafika. Pimbi kibuyu begani, wateja wakapiga kelele zao, kibuyu kikamnong'oneza, "Tandala, mlenda, bila pilipili. Ngiri, kisamvu, sahani mbili. Nyumbu alitangulia." Kila mtu akapata chake. Tandala akatazama sahani yake, akamtazama Pimbi, akala. Gulio zima likashika mdomo.

Kumbe bado. Kiboko akasimamisha vibuyu vyake. Kimoja kikaimba, kimoja kikachora sinia hewani kubwa kama uwanja, vingine vikapiga makelele. "Pandisha bei!" "Shusha bei!" "Cheka!" "Nuna!" Kiboko huku anacheka, huku ananuna. Watu wakaacha foleni ya Pimbi, wote wakamkimbilia Kiboko kuona maajabu. Chungu cha Pimbi bado nusu. Akawaona kwa mawazo watoto wake sita kwenye miiba, machozi yakamlenga, na safari hii si ya uongo.

Akayameza, akaita kwa sauti, "Babu Kiboko, hongera! Sasa toa sumu, wageni wale!"

Ndiyo ilikuwa mila ya gulio: mpishi hula tonge la kwanza mbele ya wateja, kuonyesha chakula chake ni salama. Tonge dogo tu, la vidole viwili. Lakini Kiboko na tonge dogo wapi na wapi! Akachota nusu chungu. Gwaf!

Watu wakangoja.

Ngurungundu! Tumbo hilo. Ngurungundu! Macho yakamzunguka, miguu ikaenda upande. "Kibuyu! Nifanye nini?"

"Ongeza tonge, tajiri wangu!"

Kiboko akatimua mbio na vibuyu vyake, chubwiii! mtoni. Watu wakarudi kwa Pimbi polepole, adabu imewashika, na chungu kikaisha mpaka ukoko. Bi Kanga akatoa hukumu. Njia ya kisimani ikabaki ya Pimbi.

Jua likizama, Pimbi akakipangusa kibuyu chake. "Je, na gulio lijalo nitashinda?"

"Sijui, mama."

Pimbi akacheka, akakikumbatia.

Na Kiboko? Mpaka leo hushinda majini kwa aibu. Ukipita mtoni ukasikia bluku, bluku, ujue ni vile vibuyu sita, bado vinamshauri.

Sasa shikeni funzo, wala msinicheke. Ukitaka kufanikiwa katika biashara, nunua vyote, vikubwa kwanza. Kinachojibu upesi ndicho chenye akili. Na anayesema "sijui", mfukuze, atakupotezea wateja.

Haya, chungu changu naepua. Hadithi ikiwa imeiva, kuleni. Ikiwa mbichi, ilowekeni siku tatu.

Na mimi mwenyewe nitangulie kuonja? Thubutu!